Barua ya Bwana Shamba: Mtoto wa Kidato cha Kwanza Ni Kama Mche



Mwezi huu siandiki habari za pamba wala mahindi. Naandika habari za mtoto wako wa sekondari. Hapa Pasiansi, na katika vijiji vya kando ya Ziwa, wazazi wengi huuliza: "Mtoto wangu alifaulu darasa la saba. Mbona kidato cha kwanza anashindwa? Amekuwa mvivu?"

Mara nyingi si uvivu. Ni lugha.

Katika shule nyingi za msingi za serikali, masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Kiingereza ni somo moja tu. Sekondari mambo hugeuka. Hesabu, baiolojia na jiografia hufundishwa kwa Kiingereza. Mtihani nao ni kwa Kiingereza. Mtoto anajua mzizi, shina, jani na ua. Sasa anatakiwa aandike "root", "stem", "leaf" na "flower". Jambo analijua, ila jina lake halijui. Basi hukaa kimya. Hunakili ubao na kukariri asichokielewa.

Wewe mkulima unajua kitalu. Ukiutoa mche wa nyanya kivulini na kuupanda kwenye jua kali siku hiyo hiyo, utanyauka. Mkulima mwangalifu hupunguza kivuli na maji kidogo kidogo kabla ya kuhamisha. Mche huzoea. Mtoto naye anataka kuzoeshwa.

Tatizo hili ni la siku nyingi. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania. Waliona kuwa wengi hawawezi kufuata masomo kwa lugha hiyo. Mwaka 1987 ulianza mradi uliosaidiwa na Uingereza. Mradi ulipeleka vitabu vyepesi vya hadithi katika shule za sekondari. Kitabu cha kwanza kina maneno machache. Kinachofuata kina maneno zaidi. Mtoto hupanda ngazi moja moja, bila kuruka.

Kwa nini hadithi? Kwa sababu anayesoma hadithi hutaka kujua mwisho wake. Husoma sana bila kulazimishwa. Neno akilikuta mara nyingi, hulizoea.

Sisi watu wazima tunalijua jambo hili. Mwaka 1967, kati ya Watanzania wazima 100, wapatao 67 hawakujua kusoma. Mwaka 1968 Mwanza ilianza mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO. Watu walijifunza. Lakini aliyekosa kitu cha kusoma alianza kusahau. Ndiyo sababu yakaja magazeti ya vijijini na maktaba za vijiji. Kusoma hukua kwa kusoma.

Na kuchora je? Wazazi wengine wakimwona mtoto anachora, humkemea: "Acha mchezo!" Msifanye hivyo. Katika baiolojia mtoto huchora ua na sehemu zake. Katika jiografia huchora ramani. Tena uchoraji ni somo lenye mtihani wake wa taifa kidato cha nne, ingawa si kila shule hulifundisha. Hata wazee wetu wa Usukuma walifundisha kwa picha. Bayeye, wale mafundi wa nyoka, walichora kwenye kuta za nyumba ili kuwafundisha wanachama wapya.

Sasa fanya haya:

1. Tumia miezi ya kungoja. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Wengi huipoteza miezi hiyo. Huo ndio wakati wa kuzoesha mche. Mtafutie mtoto kitabu chepesi cha hadithi cha Kiingereza.

2. Mpe nusu saa ya kusoma kila siku, kabla giza halijaingia au penye taa nzuri. Binti naye apewe nusu saa yake. Asiachiwe vyombo vyote huku kaka yake anasoma.

3. Akimaliza kusoma, mwambie akusimulie kwa Kiswahili au Kisukuma. Hapa huhitaji kujua Kiingereza. Akisimulia vizuri, ameelewa. Akibabaika, arudie ukurasa ule.

4. Achore vitu anavyovijua: mhindi, ng'ombe, mtumbwi, samaki. Kila sehemu aandike jina la Kiswahili, na chini yake la Kiingereza. Picha ibandikwe ukutani. Wadogo zake nao watajifunza.

5. Ukienda mjini Mwanza, ingia Maktaba ya Mkoa uulize habari za vitabu vya watoto.

6. Katika mkutano wa wazazi uliza: "Vitabu vya hadithi vipo? Watoto wanapewa wavisome?" Kitabu kilichofungiwa kabatini ni sawa na mbegu iliyosahauliwa ghalani. Uliza kwa heshima, na uwe tayari kusaidia kutengeneza rafu.

Tangu Januari 2016 serikali iliondoa ada mpaka kidato cha nne katika shule zake. Hilo ni jambo kubwa. Lakini bado unanunua sare na madaftari, na unakosa mikono ya mtoto shambani. Mtoto akikaa miaka minne bila kuelewa, jasho lako limemwagika bure. Naye hurudi nyumbani akiamini kuwa hana akili, kumbe akili anazo.

Basi usikimbilie fimbo. Mche unaonyauka hauchapwi. Hutiliwa maji.

Maswali ya kujadili:
– Kwa nini mtoto aliyefaulu darasa la saba huweza kushindwa kidato cha kwanza?
– Mzazi asiyejua Kiingereza atajuaje kama mtoto ameelewa alichosoma?
– Katika kijiji chenu, watoto watapata wapi vitabu vya hadithi?

Ndimi ndugu yenu,
Bwana Shamba, Pasiansi