Msafiri wa Baiskeli na Haki Yake kwa Wenyeji

Juma hili tumependa tuzungumze na wasomaji wetu juu ya safari. Si ile ya ndege wala ya basi, bali ya mtu mmoja aliyepanda baiskeli yake na kuingia katika nchi za watu asiojuana nao.

Mwezi wa Mei 2023, kijana wa Guinea aitwaye Mamadou Safaiou Barry, mwenye umri wa miaka 25, mume na baba wa mtoto mmoja, aliondoka kwao kwa baiskeli kuelekea Misri. Nia yake ilikuwa kusoma elimu ya dini katika Chuo Kikuu cha Al-Azhar mjini Cairo. Ada hakuwa nayo, na barua ya kukubaliwa chuoni hakuwa nayo. Alikuwa na tumaini tu kwamba akifika mlangoni, huenda akafunguliwa.

Safari yake ilikuwa ya takribani kilomita 4,000. Anayeijua njia ya kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza na aizidishe mara tatu na ushei, kisha aifikirie akiwa juu ya kiti cha baiskeli, mzigo wake wote umefungwa nyuma kwenye keria. Alipita Mali, Burkina Faso, Togo, Benin na Niger hadi akafika Chad. Baadhi ya nchi hizo zilikuwa katika misukosuko ya vita na mapinduzi. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba huko Mali na Burkina Faso watu walimtazama kama mtu mbaya, na kwamba kila alikopita aliona askari na silaha. Alikamatwa na kuwekwa ndani mara tatu, mara mbili Burkina Faso na mara moja Togo, pasipo sababu ya maana.

Wanaoijua baiskeli wanafahamu kwamba hata pasipo askari, safari ya namna hiyo ni mtihani. Kwenye gari, mlima ni jambo la dereva. Kwenye baiskeli, mlima ni jambo la magoti. Upepo wa mbele huiba nguvu ya siku nzima na haumrudishii mtu kitu. Pancha haichagui mahali: hutokea penye mchanga na jua la utosini, na fundi wa karibu yuko mwendo wa nusu siku. Asiyebeba pampu, viraka na gundi yake, atasukuma baiskeli kwa miguu. Maji yakiisha, hakuna wa kumwomba. Na jioni inapoingia, mtu huanza kujiuliza swali moja tu: nitalala wapi?

Juu ya upweke huu dini yetu haikunyamaza. Imepokewa kwamba Mtume (SAW) alitahadharisha juu ya mtu kusafiri usiku akiwa peke yake, na wanazuoni wameeleza kwamba makusudio ni kumlinda mja na hatari na wasiwasi wa upweke. Wapo walioona kwamba panapokuwa na amani na haja ya kweli, jambo hilo huwa jepesi. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila kijana achukue baiskeli na kuondoka kesho. Anayeweza kupata mwenziwe wa njia, na ampate. Asiyempata, basi na asafiri mchana, na awaarifu watu wa nyumbani mahali alipofika kila jua linapotua.

Kabla ya hayo yote kuna nyumba anayoiacha. Kijana huyu alikuwa na mke na mtoto, nasi katika ukurasa wa familia hatuwezi kulipita jambo hilo kimya kimya. Sisi hatujui waliagana vipi, wala si haki yetu kumhukumu. Tunalolijua ni wajibu wa kila msafiri: alipe madeni yake au aweke wa kuyalipa, awaombe wazazi radhi, na aache matunzo ya mke na watoto kwa muda wote atakaokuwa nje. Mke naye ashauriwe, asiarifiwe tu siku ya kufunga mizigo. Kutafuta elimu ni jambo tukufu, lakini chungu cha nyumbani hakichemki kwa utukufu wa nia ya baba.

Akishatimiza hayo, msafiri atakuta kwamba Mola wake amemlainishia njia. Sala za rakaa nne huzifupisha kuwa mbili anapokuwa katika safari ndefu ya halali. Huweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Akikosa maji, hutayamamu. Ramadhani ikimkuta njiani, anayo ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Na dua ya msafiri imo katika dua ambazo tumefundishwa kwamba hazirudishwi. Wapo watu wanaoukariri msemo wa "msafiri kafiri" kana kwamba njiani ibada hupumzika. Sivyo. Ibada ya msafiri ni nyepesi ili aendelee nayo, si ili aiache.

Furaha zake nazo ni nyingi, na nyingine mwenye gari hazionji. Mpanda baiskeli hana kioo kati yake na watu. Anapoingia kijijini, watoto humwona tangu mbali na kumkimbilia. Adhana huisikia kabla hajauona mnara. Huenda asijue neno hata moja la lugha ya pale, lakini akitoa salamu huitikiwa kwa maneno yale yale aliyofundishwa na mama yake. Akisimama katika safu, bega kwa bega na mkulima asiyemjua jina, huwa amefika kwao ingawa yuko mbali na kwao. Na mkate wa mwenyeji, baada ya siku nzima ya kukanyaga pedeli, huwa na ladha ambayo karamu ya mjini haina.

Turejee kwa Barry. Kule Chad alikutana na mwandishi wa habari aliyeketi naye, akamsikiliza, kisha akakieneza kisa chake. Watu wasiomjua walichanga fedha wakamkatia tiketi ya ndege hadi Misri, hata asilazimike kupita Sudan, ambako vita vilikuwa vimewaka tangu Aprili mwaka ule. Alifika tarehe 5 Septemba, baada ya miezi minne. Huko alikutana na Dk. Nahla Elseidy, mkuu wa kitivo cha masomo ya Kiislamu, ambaye baada ya kuzungumza naye alimpa nafasi ya masomo pamoja na udhamini kamili.

Tuutazame vyema mwendo wa kisa hiki. Baiskeli haikumfikisha Cairo. Ilimfikisha kwa watu, na watu ndio waliomfikisha. Kijana yule yule, na mzigo ule ule, mahali pengine alitiwa ndani na mahali pengine alisikilizwa. Yeye hakubadilika, waliobadilika ni wenyeji wake.

Hapo ndipo swali linapotugeukia sisi. Pwani yetu inaujua utamu wa kupokewa ugenini. Sayyid Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija aliyekuja kuwa kadhi wa Zanzibar na kufariki mwaka 1925, alivuka bahari hadi Hadhramaut na Istanbul katika kutafuta elimu. Vijana wetu wamesoma Misri, Sudan na Madina. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu upande wa pili palikuwa na mtu aliyesema karibu.

Basi siku ambayo kijana mwenye vumbi, asiyejua Kiswahili, atakapoegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa msikiti wetu saa ya Magharibi, tutamwona nani? Qur'ani Tukufu, katika Surat At-Tawba aya ya 60, imemtaja msafiri aliyekatikiwa na njia miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Haki yake imekwisha kuandikwa kabla hajafika. Na Mtume (SAW) ametufundisha kwamba ukarimu kwa mgeni ni siku tatu.

Hatusemi tufumbe macho. Nyakati zetu zina hofu zake, na tahadhari si dhambi. Lakini tahadhari ina adabu yake. Apewe maji kwanza, aswali, ale. Kisha imamu amfikishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, aandikishwe na ajulikane. Hilo humlinda yeye na hutulinda sisi. Kumzingira kwa maswali makali mbele ya watoto, au kumfungia mlango wa msikiti baada ya Isha ilhali hana pa kulala, si usalama.

Kamati za misikiti zinaweza kuanza na mambo madogo: mkeka mmoja safi, mtungi wa maji, na jina la mzee mmoja atakayeitwa mgeni anapofika. Na wazazi nyumbani na wawazoeze watoto kumpelekea mgeni sahani kwa mikono yao wenyewe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huenda mmoja wa watoto hao siku moja akawa na safari yake, katika nchi ambayo hatutakuwepo kumfungulia mlango.

Wabillahi tawfiiq.