Bangkok ingoje, soko liko Kakuma

Mpango wetu ulikuwa Bangkok. Marafiki wanne wa mtaa mmoja, tulichanga pesa karibu mwaka mzima huku tukitazama video za vijana wenye mabegi mgongoni wakizurura soko la Chatuchak, wakionja kila kitu na kubishana bei na akina mama. Siku ya kuhesabu ilipofika, pesa ilitosha nauli ya ndege ya mtu mmoja. Ya kwenda tu. Mimi ndiye niliyesema basi twende Turkana. Walinicheka. (Nimezoea. Nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa pili nilichekwa zaidi.)

Niseme msimamo wangu mapema ndiyo usidhani nakuzungusha. Kijana wa Nairobi anayetaka soko lenye dunia nzima ndani yake hahitaji pasipoti, aende Kakuma. Ila aende kama mteja. Na akirudi nyumbani ajiulize kwa nini yeye anaweza kurudi.

Tulianzia Lodwar. Basi la kutoka Kitale lilitushusha vumbi likiwa mpaka masikioni, na joto lile hata usiku haliombi msamaha. "Mmetoka Kenya?" mwendesha boda akatuuliza. Maze, tulidhani ni mzaha. Kumbe huko watu husema hivyo, kwamba ukielekea kusini unaenda Kenya. Nikakumbuka serikali ya kikoloni ilimzuilia Jomo Kenyatta hapo hapo Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Yaani hata mkoloni akitaka kumweka mtu mbali na Kenya, alimpeleka Turkana. Mawazo hayo hayakuanza jana.

Sokoni kulikuwa na samaki waliokaushwa kutoka ziwani, makaa, ushanga, na vikapu vilivyosukwa kwa majani ya mkoma. Mama mmoja, shanga zimempanda shingoni hadi kidevuni, aliniambia kikapu ni mia tatu. Nilimsalimia "ejok" niliyojifunza kwenye basi, akacheka, kisha nikaanza kumkata bei vile nilivyoona kwenye video. Nikajifanya naondoka. Nikarudi. Tukaishia mia na hamsini na wenzangu wakanipigia makofi. Dakika kumi baadaye tulikuwa tumeketi kivulini na soda baridi nne, na hesabu ya zile soda ilizidi pesa niliyompokonya yule mama. Kikapu kile kinachukua siku kadhaa kusuka. Sikurudi kumlipa. Nilitaka kurudi, gari la Kakuma likajaa, tukaondoka. Kikapu kiko hapa chumbani na sikipendi.

Kakuma ni kama kilomita 120 mbele. Kambi ilianza 1992, vijana waliokimbia vita Sudan walipofika kwa miguu, na leo pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu zaidi ya laki mbili. Huingii tu hivi hivi. Uliza kwanza habari za kibali, usijitie ujanja.

Sasa, soko. Asubuhi tulikunywa kahawa kwa dada wa Kihabeshi anayeichoma mbele yako na kuimimina mara tatu, na huruhusiwi kuinuka kabla ya duru ya tatu, ambayo wanaiita baraka. Mchana tulikula injera. Hatua chache mbele kuna maduka ya Wasomali yenye kila kitu kuanzia tambi hadi betri za sola, kisha vijana wa Sudan Kusini wanyoaji, kisha vitenge vya Wakongo vimening'inia kama bendera. Shirika la IFC lilipofanya utafiti na kuchapisha ripoti 2018 lilikuta biashara zaidi ya 2,000 na uchumi wa takriban shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka, mji na kambi pamoja. Hapo ndipo rafiki yangu mmoja, aliyekuwa bado analilia Bangkok, alinyamaza.

Najua kuna msee atasema huu ni utalii wa kutazama shida. Kweli, ukienda na kamera mbele ya uso, ni hivyo. Shida zipo, mgao wa chakula umepunguzwa, na Waturkana wenyeji wanaouza makaa na kuni kambini nao hawana cha kujivunia. Lakini fundi hakukuomba umhurumie. Amekuwekea bei. Nunua.

Nasema fundi kwa sababu yupo mmoja hasa ninayemfikiria. Ni Mkongo, umri kama wangu, Kiswahili chake kinanishinda na kila baada ya sentensi anasema "aksanti". Alinishonea shati la kitenge kwa saa mbili tukipiga stori. Aliletwa Kakuma akiwa mtoto. Zipu, vifungo, uzi, vyote huagiza kwa simu kutoka Nairobi kupitia mtu, na huyo mtu anakata chake. Nikamuuliza kwa nini asiende mwenyewe. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini samaki hapandi matatu. Kutoka kambini anahitaji kibali cha safari, na kibali ni kuomba na kungoja.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu kufanya kazi. Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unaahidi kugeuza kambi kuwa miji. Vizuri. Lakini biashara ni miguu. Mfanyabiashara asiyeweza kupanda basi kwenda kuchagua mali yake utamwitaje? Mimi sina digrii, sina kazi ya maana, na nilizunguka kaunti nzima kwa sababu ya kadi moja mfukoni. Yeye ana cherehani mbili na wanafunzi watatu.

Hii mara sikubishana bei. Nilipolipa aliniomba kitu kimoja: nikifika Nairobi nimuulizie bei ya zipu, dazeni, za inchi nane.

Jumatatu nilikuwa Eastleigh nimevaa lile shati. Nikapiga picha za zipu, nikamtumia na bei. Alikaa kimya kama dakika tano, kisha akaandika: "Kumbe."