Kadi ya Riba Sifuri Si Pesa ya Kutuma Nyumbani

Ukifungua sanduku lako la barua huko Silver Spring, Langley Park au Alexandria, hukosi bahasha ya benki inayokuahidi kadi ya krediti yenye riba sifuri kwa miezi 12, 15, hata 21. Wako wanaoitupa bila kuisoma. Wako wanaoijaza siku hiyohiyo, kwa sababu Januari inakaribia na karo za watoto nyumbani hazingoji. Mimi naona wote wanakosea, ila huyu wa pili ndiye atakayelia.

Msimamo wangu ni huu. Kadi ya namna hii inafaa kwa mambo mawili tu: kununua kitu kimoja ambacho ungekinunua hata bila kadi, au kuhamishia deni la zamani linalokula riba. Kwa kutuma pesa nyumbani haifai hata kidogo.

Kwa nini? Kwa sababu ile sifuri iliyoandikwa kwa herufi kubwa huwa ni ya manunuzi, au ya deni unalohamisha. Pesa taslimu hazimo. Ukichomoa dola 500 kwenye ATM kwa kadi ya krediti, ada ya kawaida ni kama asilimia 5, yaani dola 25 zimekwenda hapohapo. Kisha riba inaanza kuhesabiwa siku ileile, na kwa kadi nyingi inakaribia asilimia 30 kwa mwaka. Sasa sikiliza vizuri: ukiingia kwenye programu ya simu ya kutuma pesa na kulipia kwa kadi ya krediti, benki nyingi zinahesabu kwamba umechomoa taslimu. Mama Kisumu au Tanga amepokea, umefurahi, kumbe umekopa kwa bei ya juu kuliko zote.

Nalisema hili sasa kwa sababu ya kodi mpya. Tangu Januari 1, 2026, ukituma pesa nje ya Marekani kwa kulipa taslimu, mani oda au hundi ya keshia, unakatwa asilimia 1. Ukilipa kutoka akaunti ya benki ya hapa, au kwa kadi ya debiti au ya krediti iliyotolewa Marekani, hukatwi. Watu wamesikia nusu ya habari na kukimbilia krediti. Hebu piga hesabu: kwa dola 500 kodi ni dola 5. Unakimbia dola 5 ukalipe 25 pamoja na riba? Tumia kadi ya debiti, ile inayotoa pesa zako mwenyewe. Kodi hulipi, na deni huna.

Haya, tuseme unayo sababu nzuri. Unachagua vipi? Wengi wanaangalia miezi tu: mwenye 21 anaonekana kumshinda mwenye 15. Si lazima iwe hivyo. Tuseme una deni la dola 3,000 kwenye kadi ya asilimia 24. Riba peke yake ni kama dola 60 kila mwezi. Benki ya kwanza inakupa miezi 15 kwa ada ya uhamisho ya asilimia 3: dola 90. Ya pili inakupa miezi 21 kwa asilimia 5: dola 150. Kwa ya kwanza utalipa dola 206 kila mwezi hadi uishe. Kwa ya pili utalipa dola 150. Kama 206 unaiweza bila kuwanyima watoto chakula, chukua ya miezi 15, umeokoa dola 60. Kama huiwezi, chukua ya 21 bila aibu. Ukibaki kwenye kadi ya zamani na kulipa hizo 206 kila mwezi, riba itafika karibu dola 580 kabla hujamaliza.

Kwa hiyo usianze na benki, anza na mshahara wako. Uliza: baada ya kodi ya nyumba, nauli na pesa ya nyumbani, ninabakiwa na ngapi? Gawa deni kwa miezi ya ofa ukitoa mmoja, ili mwezi wa mwisho uwe wa dharura. Kiasi hicho kiweke kilipwe chenyewe kila mwezi. Usilipe kile kiwango cha chini ambacho benki inakuomba, maana ukikifuata utafika mwisho wa ofa na sehemu kubwa ya deni bado ipo, na hapo riba ya kawaida inaingia. Pia usichelewe. Sheria ya kadi ya mwaka 2009 inaitaka benki ikupe riba ya ofa kwa angalau miezi 6, lakini ukipitisha siku 60 bila kulipa inaruhusiwa kukuondolea ofa.

Jihadharini pia na kadi za madukani, za fanicha, friji na vifaa vya ujenzi. Ukiona maneno “no interest if paid in full”, simama hapo. Hiyo si riba sifuri, ni riba iliyofichwa kando. Ukifika siku ya mwisho ukiwa umebakiza hata dola 50, wanakutoza riba ya tangu siku uliyonunua. Kadi ya kweli ya riba sifuri inakutoza kwa kile kilichobaki tu, kuanzia siku ofa inapoisha.

Kuna jambo ambalo barua ya benki haliandiki: kazi zetu. Fundi wa ujenzi anajua baridi ya Januari na Februari inavyopunguza siku za kazi, na ndiyo miezi ya karo nyumbani. Dada aliyekuja kwa viza ya G-5 kufanya kazi nyumbani kwa mfanyakazi wa Benki ya Dunia au IMF anajua kwamba viza yake imefungwa kwa mwajiri huyo. Ajira ikikatika, deni halikatiki. Ndiyo maana nasema usichukue deni ambalo huwezi kulilipa kwa miezi mitatu ya kujibana. Na usimwazime ndugu kadi yako, hata mkiwa mmezaliwa tumbo moja. Jina ni lako, na deni ni lako.

Kama wewe ni mgeni na huna historia ya mikopo hapa, kadi hizi huenda zikakukataa, na kila ombi kamili linabaki kwenye rekodi yako miaka miwili. Usijaze tano kwa usiku mmoja. Omba kwanza lile jibu la awali mtandaoni ambalo haligusi alama zako. Ukikosa, anza na kadi ya dhamana: unaweka amana yako, mara nyingi dola 200, unanunua vitu vidogo na kulipa kila mwezi. Wasio na namba ya Social Security waulize kuhusu ITIN. Baadhi ya benki zinaikubali. Na pita kwenye credit union, SACCO za huku. Zile zenye kibali cha serikali kuu haziruhusiwi kutoza riba zaidi ya asilimia 18, hata ofa ikiisha.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Riba sifuri inarefusha harusi, haifuti matanga. Kabla ya kutia sahihi, andika kwenye karatasi vitu vitatu: nanunua nini, nalipa ngapi kwa mwezi, namaliza tarehe ngapi. Kimoja kikikosekana, rudisha barua kwenye bahasha. Na nyumbani wakipiga simu, waambie ukweli: mwezi huu ninacho hiki. Watakuelewa, na hata wasipoelewa leo, mwakani bado utakuwa na uwezo wa kuwatumia.