Msiwafundishe wateja kupuuza onyo la kivinjari

Wadau wa pwani, leo nina neno na wenye tovuti kuanzia Diani hadi Msambweni: nyumba za wageni, wenye mashua za Wasini, shule, zahanati. Na nina neno kali zaidi kwa sisi tunaowatengenezea tovuti hizo.

Mteja anafungua ukurasa wa kuweka nafasi, kivinjari kinagoma, kinasema muunganisho si salama. Akipiga simu kuuliza, anajibiwa: "Shida ni kompyuta yako. Jaribu na ile ya zamani, itafungua." Jamani! Mlinzi amekataa kufungua mlango mbovu, nanyi mnamtafutia mteja mlinzi aliyelala.

Tuelewane. Kabla ya kupeana data, kivinjari na seva hukubaliana toleo la TLS, yaani kanuni za kuficha mazungumzo ili aliye katikati asiyasome wala kuyabadilisha. TLS 1.0 ilitoka mwaka 1999, TLS 1.1 mwaka 2006. Mwaka 2011 Thai Duong na Juliano Rizzo walionyesha shambulio la BEAST, lililotumia udhaifu wa TLS 1.0 kuiba kuki za mtumiaji. Mwaka 2017 watafiti wa Google na CWI ya Uholanzi waliivunja hadharani SHA-1, ambayo matoleo hayo yanaitegemea. Mwaka 2020 Chrome na Firefox zikaanza kuyakataa, na Machi 2021 IETF ikayazika rasmi. Sasa niambieni, kivinjari kimekosea wapi?

Najua utetezi wa kwanza: "Wateja wetu wana simu za zamani." Android inawasha TLS 1.2 yenyewe tangu toleo la 5.0, la mwaka 2014. Tunamhurumia nani basi?

Utetezi wa pili ni pesa. Let's Encrypt inatoa vyeti bure, na kwenye nginx kuzima matoleo ya zamani ni mstari mmoja tu:

ssl_protocols TLSv1.2 TLSv1.3;

Kama seva ni kuukuu mno haiujui mstari huo, hameni. Na fundi asikuuzie cheti kipya akidai ndiyo dawa. Cheti kipya juu ya seva ya zamani kitakataliwa vilevile.

Utetezi wa tatu: "Nani atahangaika kutudukua sisi wa Ukunda?" Kweli, kuivunja TLS 1.0 si kazi ya dakika mbili. Lakini mgeni anayeandika namba ya pasipoti na ya kadi kwenye wi-fi ya mkahawa, pamoja na watu asiowajua, amekuamini wewe. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 nayo inakutaka uilinde data unayoikusanya.

Hasara kubwa zaidi ni hii: ukimzoesha mteja kulikwepa onyo, kesho tapeli atamletea tovuti bandia, kivinjari kitapiga kelele, naye atalikwepa kama ulivyomfundisha. Umemfanyia tapeli nusu ya kazi, tena bure.

Haya, ingia SSL Labs, ni bure, andika jina la tovuti yako, soma majibu. Ukikuta TLS 1.0 bado iko hai, mpigie fundi wako leo hii. Mteja mwache, yeye na kivinjari chake hawana kosa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.