Chupa ya maji si kipimo cha heshima



Siku hizi hapa Kigali, ukialikwa kwenye nikahi, akika au futari, kitu cha kwanza kuwekwa mbele ya mgeni ni chupa ndogo ya maji. Kila mtu na chupa yake. Wengi hunywa nusu, nusu inabaki chini ya kiti, na vijana wanaosafisha ukumbi huimwaga. Hatusemi mgeni asipewe maji, kwani kumnywesha mtu maji ni sadaka. Tunachouliza ni hiki: tangu lini chupa ya plastiki imekuwa kipimo cha heshima?

Tuanze na hesabu, maana mfuko ndio unaoumia kwanza. Katika bei za maji zilizopangwa Rwanda mwaka 2019, maji ya bomba la nyumbani katika fungu la chini la matumizi yaliwekwa faranga 340 kwa lita 1,000, kabla ya kodi. Sasa chukua chupa ya nusu lita inayouzwa faranga 300. Ili upate lita hizo 1,000 utanunua chupa 2,000, yaani faranga 600,000. Hata bei ya bomba ingepanda mara kumi, maji ya chupa yangebaki ghali kwa zaidi ya mara 170.

Tuilete hesabu hiyo msikitini. Msikiti unaofuturisha watu 200 kwa siku 30, kila mmoja na chupa yake, unatumia chupa 6,000. Kwa bei ile ile ni faranga 1,800,000. Fedha hizo zingeweza kulipa waalimu wa madrasa au kuwasaidia watoto wa mjane katika ada na madaftari. Sisi tumezinywa kwa mwezi mmoja, na kilichobaki ni magunia ya plastiki nyuma ya jiko.

Na magunia hayo yanakwenda wapi? Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikapitisha sheria pana zaidi inayogusa vitu vya plastiki vya kutumia mara moja. Wageni wanausifu mji wetu kwa usafi, nasi tunafurahi. Lakini chupa bado zinauzwa kila duka. Zinazookotwa, baadhi huuzwa zikatengenezwe upya, na nyingine huishia kwenye jalala la Nduba. Zisizookotwa husombwa na mvua hadi mto Nyabugogo, kisha Nyabarongo, kisha Akagera, na Akagera unamwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Kwa hiyo chupa iliyotupwa mtaroni Nyamirambo inaweza kuwafikia ndugu zetu wavuvi wa Uganda na Tanzania.

Upande wa Kivu hali ni mbaya zaidi. Kule Bukavu, mahali mto Ruzizi unapotoka ziwani, takataka za plastiki zimekuwa zikirundikana kwenye bwawa la umeme na kuziba mitambo, hadi watu wakakosa umeme. Chupa tunayoiona nyepesi mkononi, zikikutana maelfu zinazima mji.

Tena madhara hayaanzi siku ya kutupa. Plastiki ya chupa hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, kisha maji hayo hupakiwa kwenye malori yanayochoma dizeli. Watafiti wa Marekani walipiga hesabu mwaka 2009 wakaona kwamba nishati inayotumika kwa maji ya chupa inaweza kufikia mara 2,000 ya ile inayotumika kwa maji ya bomba.

Kuna atakayesema: "Mimi nanunua usalama." Hoja hiyo ina uzito, na hatuidharau. Bomba zetu hukatika, mabomba hupasuka, na maji yaliyokaa kwenye tangi chafu huleta maradhi. Penye kipindupindu au safarini, chupa iliyofungwa inaweza kuokoa maisha. Lakini kufungwa kwa kifuniko si dhamana ya kila kitu. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha New York walipima chupa 259 kutoka nchi 9, wakakuta vipande vidogo vya plastiki katika asilimia 93 ya chupa hizo. Mwaka 2024 wengine, kwa vyombo vinavyoona vidogo zaidi, walihesabu kwa wastani vipande 240,000 katika lita moja. Uchunguzi wa madhara yake mwilini bado unaendelea.

Basi tufanye nini? Njia zipo, na nyingi mama zetu walizijua kabla yetu.

Kwanza, kuchemsha. Maji yakishatokota vizuri, dakika moja inatosha. Kwenye milima inayopita mita 2,000, dakika tatu. Wengi huyaacha yatokote robo saa, wakimaliza makaa bure.

Pili, dawa ya klorini inayouzwa madukani. Fuata kipimo kilichoandikwa, subiri nusu saa, kisha kunywa. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi.

Tatu, jua. Maji maangavu yakiwekwa ndani ya chupa angavu ya plastiki, ikalazwa juani saa sita, vijidudu vingi hufa. Siku ya mawingu mengi, acha siku mbili. Wanafunzi wanaopanga chumba na hawana makaa, hii ni njia yenu.

Nne, chujio la nyumbani, au dumu la lita 20 linalorudishwa na kujazwa tena. Gharama ya mwanzo ni kubwa, lakini familia mbili tatu za jirani zinaweza kuchangiana.

Vyovyote utakavyosafisha, weka maji kwenye chombo chenye mfuniko na bomba, mtu asichovye kikombe. Na kwenye shughuli zetu, ndoo mbili kubwa zenye bomba na vikombe vya chuma vilivyooshwa kwa sabuni vinatosha kabisa. Mwanafunzi aje darsani na chupa yake ya kudumu.

Hapa tuseme jambo ambalo halisemwi. Chupa imependwa pia kwa sababu inawapunguzia watu kazi. Tukiiondoa, mzigo wa kuchemsha na kuosha vikombe usiwaangukie kina mama peke yao. Vijana wa kiume wapange zamu, na wazee wasimamie. Anayeona aibu kuosha vikombe vya wageni ajiulize heshima anayoitafuta ni ipi.

La mwisho ni zito zaidi. Mwenye uwezo akishazoea chupa, bomba likikatika mtaani hasumbuki. Halalamiki, haendi kuuliza, hachangii kukarabati tangi la msikiti. Anayebaki na ndoo kichwani ni jirani asiye na faranga 300. Kila mmoja wetu akijitafutia maji yake dukani, nani atadai maji ya wote?

Dini yetu inatukataza israfu ya maji hata tunapotawadha. Ni ajabu tukahesabu tone la udhu, kisha tukamwaga nusu chupa kwa mamia baada ya kila walima.

Tunapendekeza kamati za misikiti na za harusi zianze na shughuli moja tu bila chupa ndogo. Fedha zitakazobaki zihesabiwe mbele ya watu, zitajwe kiasi chake, kisha waamue pamoja ziende wapi. Tuna hakika kwamba wakishaisikia hesabu hiyo, shughuli ya pili haitahitaji mahubiri.

Wabillahi tawfiq.