Tusimsingizie Mungu

Hapa Kigongo, tangu Juni 2025, tunavuka kwenda Busisi juu ya daraja la kilomita 3. Kivuko tumekiaga, lakini kauli moja bado tunayo: "Ni mapenzi ya Mungu."

Tuliisema sana tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Tukiiita hesabu hiyo mapenzi ya Mungu, tunamweka Mungu kizimbani na kuwaachia waliozidisha abiria. Adamu naye alijaribu: kosa akamsukumia mwanamke, na kwa ujanja, Mungu aliyempa huyo mwanamke.

Lakini katika Biblia anayeuliza ni Mungu. Kaini aliulizwa aliko ndugu yake. Daudi, pamoja na ufalme wake, alishitakiwa na Nathani uso kwa uso. Nasi tunaokaa kimya ndani ya daladala iliyojaa hadi mlangoni tumo. Kila Misa si tunajipiga kifua hata kwa wajibu tulioacha?

Mfiwa tumfariji kwanza. Matanga yakiisha, tuulize nani alihesabu abiria.