Foto Bila Jina ni Karatasi Tu

Ndugu wasomaji, katika kijitabu kama hiki mnangoja kusoma habari za ngoma, jando, mahari na miiko. Siye leo tunataka kusema juu ya foto. Tunajua wamoja watauliza: foto nayo iko desturi gani? Desturi ni mambo ya wakubwa wetu, foto ni mambo ya Wazungu. Tuwajibu mara moja. Mpunga nao haukuzaliwa hapa. Uliletwa na misafara ya Waarabu na Wangwana katika karne ya 19, pamoja na kanzu, na pamoja na lugha hii tunayoandikia. Leo ni nani hapa Kasongo atathubutu kusema mchele si chakula chetu? Kitu kinakuwa desturi siku watu wanapokipa adabu yake. Na foto tuliipa adabu yake zamani.

Adabu hiyo kila mtu wa umri wetu anaijua. Mgeni anafika, anapewa kiti, anapewa maji ya kunywa. Mama wa nyumba anaingia jikoni kutwanga sombe, na ili mgeni asikae peke yake kama mtu aliyekuja kudai deni, anapewa albamu. Mtoto mmoja anakaa kando yake kumfunulia kurasa. Mgeni anauliza: «Na huyu?» Mtoto anajibu. Akikosea, sauti inatoka jikoni: «Apana, huyo si shangazi, huyo ni mke mdogo wa babu yako wa Kabambare!» Kwa njia hiyo mgeni alijua ameingia katika ukoo gani, na mtoto alijifunza ukoo wake bila ubao wala fimbo. Ilikuwa shule kabisa, na mwalimu wake hakudai mshahara.

Tunasema wazi: shule hiyo inafungwa, na wanaoifunga ni siye wenyewe.

Tusiisingizie vita peke yake. Ni kweli, vita vilikula mengi. Vilikula wakati wa Simba mwaka 1964, vikala tena mwaka 1996, halafu kuanzia 1998 hadi 2003, na baadaye makundi ya silaha yakaendelea kusumbua vijiji upande wa Kabambare na Salamabila. Watu walikimbilia porini, mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Ni nani angekumbuka albamu? Ndiyo maana nyumba nyingi za kusini mwa Maniema leo hazina hata foto moja ya baba. Lakini tuangalie foto zilizopona zilipona wapi. Zilipona kwa ndugu wa Kindu na wa Bukavu, zilipona Ujiji, Kigoma na Buyenzi ya Bujumbura, ambako watoto wa Maniema wanakaa tangu siku za misafara. Foto ya ndoa ilitolewa kopi mbili au tatu, moja ikatumwa kwa dada aliyeolewa mbali, na hiyo ya mbali ndiyo imebaki. Aliyegawa alihifadhi. Aliyefungia zote ndani ya sanduku moja, sanduku lilipochomwa alipoteza zote.

Kasoro yetu iko mahali pengine. Foto hizo zikirudi kutoka kwa ndugu, tunakuta watu sita wamesimama mbele ya nyumba ya matofali, na hakuna anayeweza kuwataja zaidi ya wawili. Nyuma ya karatasi hakuna kitu. Wazee waliojua wamezikwa, na hatukuwauliza. Moto haukufuta majina hayo, sababu hatukuwahi kuyaandika.

Wasomi wenzetu, tunapenda sana kulalamika juu ya foto za wakati wa ukoloni, na tuna haki. Kazimierz Zagourski, Mpolandi aliyefika Kongo mwaka 1924, alipiga foto nyingi za Waafrika akaziuza kama kadi za posta. Mara nyingi chini ya uso wa mtu iliandikwa kabila tu, bila jina. Mtu alikuwa mfano wa kabila lake kama vile kipepeo ni mfano wa vipepeo. Hapa kwetu pia tujiulize. Uso wa Tippu Tip tunaujua, tena maisha yake aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufa Unguja mwaka 1905. Lakini wapagazi waliobeba pembe zake kutoka Kasongo, wakapita Kabambare kuelekea Ujiji, ni nani anayejua jina la mmoja wao? Mwenye nguvu anabaki na uso, jina na hadithi. Mnyonge akibaki na uso tu, ana bahati. Basi inakuwaje siye, wajukuu wa wanyonge hao, tunawatendea wazazi wetu wenyewe vilevile mkoloni alivyotenda? Foto isiyo na jina ndani ya nyumba yetu haina tofauti na kadi ya Zagourski.

Tuchukue mfano wa kinyume. Mwaka 1904, kule Baringa katika Ekwateri, mmisionari mwanamke Mwingereza, Alice Seeley Harris, alipiga foto ya baba amekaa, mbele yake mkono na mguu wa mtoto wake aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Foto hiyo ilionyeshwa Ulaya na Marekani, ikasaidia kuaibisha utawala wa Leopold II. Kwa nini ilikuwa na nguvu? Sababu ilisafiri pamoja na habari yake. Baba aliitwa Nsala, mtoto aliitwa Boali. Mpaka leo tunawataja. Bila majina hayo, ingekuwa maiti moja zaidi kati ya maiti za Kongo.

Sasa tufike kwenye telefoni. Vijana wanatuambia: «Mwalimu, siye tunagawana foto kila siku kuliko nyinyi.» Tunawajibu kwa upendo: mnatuma, hamgawani. Kutuma foto mia katika kundi la WhatsApp bila neno hata moja ni sawa na kumwaga mchele barabarani halafu kusema umekaribisha wageni. Aliyepokea anaangalia, anacheka, anafuta ili apate nafasi. Telefoni ikianguka majini, ikiibiwa au ikiuzwa siku ya njaa, ndoa na ubatizo vinakwenda pamoja nayo. Tena kuna ubaya mkubwa zaidi: foto za maiti. Watu wameuawa kijijini, na kabla ya ndugu kupata habari miili imekwisha kuzunguka katika telefoni, bila jina, bila nguo. Hiyo si habari na si ushahidi. Wakubwa wetu walimfunika maiti kabla ya kuita watu, na siye tunamfunua mbele ya watu wasiomjua. Tunaomba jambo hilo liitwe kwa jina lake: ni aibu.

Wengine wanatupinga kwa sababu yenye uzito. Wanasema foto nyingine zinaleta matata: baba na mwanamke asiyejulikana, kaka amevaa mavazi ya askari wa kundi fulani. Ni kweli, palikuwa na miaka ambapo foto ya namna hiyo ingeweza kuua nyumba nzima, na aliyeichoma hatumlaumu. Hatusemi kila hadithi isimuliwe mbele ya kila mgeni. Tunasema awepo angalau mtu mmoja wa ukoo anayeijua. Siri inayokufa na mwenyewe haimlindi mtu tena. Inawaacha watoto wagombane mbele ya baraza la ukoo juu ya nani ni mtoto wa nani. Na ndugu zetu Waislamu wasiopenda kutundika sura ukutani, tunawaheshimu. Hatuongelei ukuta hapa. Hadithi inaweza kukaa katika daftari, na foto katika bahasha.

Basi tufanye nini? Mambo haya hayaombi pesa ya mfadhili. Kwanza, tuandike nyuma ya kila foto kwa penseli, kwa mkono mwepesi, sababu biki inachubua karatasi na wino wake unapenya upande wa pili. Tuandike majina kuanzia kushoto kwenda kulia, mahali, mwaka, na jambo moja la siku ile: kwamba nguo ilikuwa ya kuazima, kwamba mpiga foto alifika kwa kinga, kwamba aliyetakiwa kusimama katikati alikuwa amenuna. Jambo dogo kama hilo ndilo mjukuu atakumbuka. Pili, twende kwa wazee mwaka huu, tusingoje matanga. Siku ya matanga tunakimbia kutafuta foto ya marehemu ya kuweka juu ya sanduku, na aliyeweza kutueleza wenzake waliosimama naye ndiye amelala ndani. Tatu, iliyo katika telefoni itolewe kopi ya karatasi, hata moja kwa mwaka, na kopi nyingine ipelekwe kwa ndugu wa mbali. Nne, walimu wenzetu, somo la historia lianzie hapo. Mwanafunzi alete hadithi ya foto moja ya nyumbani. Asiye na foto alete hadithi ya ile iliyochomwa, sababu mama yake bado anaikumbuka. Mtoto anayejua tarehe ambayo Kasongo ilianguka mikononi mwa Dhanis, mwaka 1893, lakini hajui babu yake alitoka kijiji gani, tumemfundisha nusu.

Na jioni ya leo, mgeni akibisha hodi, kabla ya kumwashia televisheni tumpe albamu. Kama hakuna albamu, tumpe foto moja. Kama hakuna hata moja, tumkalishe karibu na mtu mzima wa nyumba, amsimulie sura za watu wake. Mtoto akae pale pale asikie, na akikosea jina, jikoni wamrekebishe.